Maua Yaliyobaki Dirishani

"Hayo usiyatie maji ya moto, mwanangu. Yatalegea."

Hilo ndilo neno la kwanza alilolisema mgeni, kabla ya hodi na kabla ya salamu. Phelister aligeuka akiwa bado amechuchumaa kando ya beseni. Penye mwanya wa ua alisimama mama mzee, mrefu, mkavu, amejitanda kitambaa chepesi cha rangi ya machungwa kuanzia utosini, kama wanavyojitanda wanawake wa Kinubi. Hakuwa akimtazama Phelister. Alikuwa akiyatazama maua.

Ilikuwa Jumamosi, na Phelister hakwenda sokoni Kalerwe kuuza dagaa. Kesho yake kina mama wa kanisa wangekuja kusali kwake, na kila walipokuja kwake maua ya plastiki yalioshwa. Vumbi la Kasubi, mtaa huu wa Kampala, ni jekundu na ni kaidi. Hupita chini ya mlango, likapanda mezani, likachanganyika na moshi wa sigiri, na mwezi ukiisha huwezi kusema waridi lipi lilikuwa jekundu na lipi lilikuwa jeupe. Kwa hiyo Phelister alikoroga Omo kwenye maji ya moto, akashika fungu zima kwa vikonyo kama mtu anavyomshika kuku miguu, akalizamisha, akalitikisa, akalining'iniza kwenye kamba ya nguo vichwa chini. Yakikauka aliyapangusa majani kwa tone la mafuta ya taa. Kwa siku mbili tatu yaling'arisha sebule nzima. Baada ya hapo vumbi lilinata maradufu.

"Karibu, mama," alisema, akiinuka. "Unamtafuta nani?"

Mgeni aliingia, akainama, akachukua waridi moja jeupe kutoka kwenye beseni. Alitia kidole gumba chini ya kikombe cha ua, akasukuma, akazungusha kidogo. Ua likaachana. Petali zikateleza kwenye kikonyo safu baada ya safu, kama sahani zilizokuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine.

"Umelivunja," Phelister alisema.

"Sijalivunja. Limeundwa hivi. Tazama hapa."

Phelister akatazama. Ndani ya kikombe, pale petali zinapokutana, palikuwa na uchafu mweusi uliogandamana kama ugoro.

"Umekuwa unayaosha uso tu," mama yule alisema, bila kumlaumu. "Masizi yako ndani, na sabuni umeiacha ndani. Ndiyo maana meupe yamekuwa njano. Yanafunguliwa moja moja. Maji ya vuguvugu, mswaki laini, ndimu kidogo kwa mafuta. Halafu yanakauka kivulini. Jua linakula rangi."

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe. Kila Idi nilikuwa nayafungua."

Maneno hayo yalimpita Phelister, kisha yakarudi na uzito wake wote. Phelister alijifuta mikono kwenye leso yake na kusema uongo aliokuwa ameshawaambia watu wengi kiasi kwamba ulitoka mdomoni wenyewe. "Haya aliniletea kaka yangu kutoka Kisumu."

"Kaka yako ana macho mazuri," mgeni alisema. Aligeuza kikonyo cha waridi lile. Kuanzia chini ya kikombe mpaka mwisho, waya ulikuwa umezungushiwa ukindu mwembamba uliotiwa rangi, mwekundu, mweusi, kisha kijani, umebanwa sana, kama ule wa mikeka midogo ya kufunikia chakula. "Mimi naitwa Kaltumi. Natumia mkono wa kushoto. Wanawake wote wa kwetu wanazungusha hivi, kulia, mimi nazungusha hivi, kushoto. Mama yangu alinichapa, nikashindwa kuacha."

Phelister alitazama vikonyo. Vyote vilikwenda upande mmoja. Kwa miaka yote aliyoyaosha hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani iliyoyavika nguo.

Alisogeza kigoda. "Kaa, mama. Nisamehe. Twende ndani nikuchemshie chai."

"Hapa hapa panatosha. Nikiingia ndani nitaanza kuona mambo." Kaltumi alikaa, ua likiwa mapajani vipande vipande, akaeleza. Mume wake ndiye aliyeijenga nyumba hii. Binti yao, Sumayiya, alikuwa karibu kuolewa, na maua yalinunuliwa kwa ajili ya chumba chake cha arusi. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vikafika kabla ya bwana arusi. Lori la kuwapeleka kaskazini lilikuwa dogo. "Nilipanda na maua mkononi. Mume wangu akaniuliza, tubebe watu au tubebe maua? Nikashuka nikayarudisha dirishani. Nikayafunika na gazeti, kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi."

Mume alifia Juba. Bwana arusi hakuonekana tena. Sasa watu walikuwa wakirudi, nao wamerudi, wanakaa kwa shemeji yake huko Kibuli. Sumayiya alikuwa amepata mchumba, mjane mwenye bucha, mtu wa makamo, mpole. Arusi ilikuwa Ijumaa ijayo.

"Chumba hakina kitu," Kaltumi alisema. "Godoro na kapeti ya kuazima. Nikasema, nipite tu Kasubi nitazame. Kama yamekufa, yamekufa. Nakuta umeyatunza."

Hapo ndipo Phelister angeweza kuyakunja yote kwenye leso na kumpa. Alilifikiria jambo hilo, kisha akafikiria meza ya sebuleni kesho, kitambaa cha kufuma kikiwa kitupu katikati, na kina mama wa kanisa wakiuliza maua ya kaka yako yamekwenda wapi. Aibu ndogo tu. Aibu ya saa moja na nusu.

"Mama, sasa yana maji na yana uchafu," alisema. "Niachie niyafungue yote kama ulivyonionyesha, niyaoshe vizuri. Alhamisi uje. Kabla ya magharibi yatakuwa mkononi mwako, yalivyo, kila petali mahali pake."

"Alhamisi ndiyo wanawake wanapamba chumba."

"Alhamisi. Mungu ananisikia."

Kaltumi alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, muda mrefu. Kisha akacheka, na meno yake yalikuwa machache. "Wewe Mjaluo," alisema. "Mume wangu alikuwa na rafiki Mjaluo jeshini. Alikuwa muongo sana kwenye karata, lakini neno lake lilikuwa neno."

*

Jumapili kina mama walikuja, wakaimba, wakala mandazi. Maua yalikuwa mezani, nusu yameshafunguliwa na kuoshwa na kuunganishwa. Nelima, Mbukusu mwenye kibanda cha cherehani jirani na kanisa, aliyainamia akayanusa.

"Phelister, haya yameanza kunukia. Umeyapaka manukato ama kaka yako ametuma mengine?"

"Ni ndimu."

"Ukiwa na kaka kama huyu, mume ni wa nini?" Wote wakacheka. Phelister akacheka pia, akawaongezea chai.

Jumatatu jioni Nashon, mume wake, alirudi kutoka kazini akiwa na uso wa mtu aliyemeza kitu kibaya. Alikuwa karani wa bohari ya mizigo karibu na reli, mtu wa maneno machache, nadhifu, anayepiga pasi shati lake mwenyewe. Alikaa bila kuvua viatu.

"Saverio ameniita," alisema. Saverio alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na tangu serikali hii mpya iingie, kesi ndogo na kubwa za mtaani zilianzia kwake. "Kuna Mnubi anaitwa Abdul-Karim. Anasema hii nyumba ni ya marehemu ndugu yake."

Phelister aliweka chini mwiko.

"Nimemwambia ukweli," Nashon aliendelea. "Yule mkubwa wa jeshi aliniweka hapa mwaka wa themanini, akasema nyumba ni yake, tena ya halali. Nikalipa kodi mpaka alipokimbia. Hati hana, Mnubi hana, mimi sina, hakuna mwenye hati Kampala hii. Saverio akaniuliza, ulipoingia ulikuta kitu cha mtu? Nikasema kuta na panya. Hata kijiko sikukuta."

"Baba Awino. Ulikuta maua."

Alimtazama kama haelewi. Na kweli hakuelewa. Phelister aliona wazi kwamba alikuwa amesahau. Waporaji walikuwa wamebeba vitanda, vioo, hata vitasa vya milango. Maua ya plastiki hayaliwi wala hayauziki, wakayaacha dirishani chini ya gazeti. Nashon akayatupa. Ni Phelister, alipofika kutoka Kisumu na mtoto mgongoni, aliyeyaokota jalalani akayaosha, maana ndiyo yaliyokuwa kitu pekee chenye rangi ndani ya nyumba ile.

Akamweleza habari za Kaltumi. Hakuficha kitu, hata ukindu na mkono wa kushoto, hata Alhamisi. Nashon alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi, akasahau kukiweka chini.

"Utayachoma," alisema.

"Nimeapa."

"Umeapa kumpa mtu maua. Mimi nimesema mbele ya mwenyekiti hapakuwa na kitu. Sasa mke wangu anatoka kwa mlango huu huu akiwa amebeba kitu, kina alama ya mkono wa mke wa mwenye nyumba. Saverio si mtoto. Atasema, huyu Mkenya alidanganya kwa maua, mangapi mengine amedanganya?"

"Yule mama hakuuliza habari za nyumba. Hata ndani hakuingia."

"Yeye, ndiyo. Shemeji yake je?" Sauti yake ilishuka. "Mama Awino, nimeezeka paa hili mara mbili. Nimechimba choo kwa mikono hii. Nyumbani unajua kulivyo, ndugu zangu wamegawana mpaka mahali ningezikwa. Na siku hizi ukiongea tu kwenye foleni wanakuuliza utarudi lini Kenya. Tukitoka hapa tunakwenda wapi? Bondeni Kalerwe, mvua ikinyesha watoto walale juu ya meza?"

Hakuwa mtu mbaya, Nashon. Laiti angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi.

Alikiweka kile kiatu chini, akapata wazo. "Basi vua hizo nyuzi. Mpe maua bila nyuzi. Ua la plastiki ni ua la plastiki, yako hata sokoni Owino."

Phelister alijaribu. Kesho yake asubuhi, watoto wakiwa shuleni, alichukua wembe akakata fundo la ukindu kwenye kikonyo cha waridi moja jekundu, akaanza kuufungua. Ukindu ulitoka mkavu, ukimwachia rangi vidoleni. Chini yake waya ulikuwa kutu tupu. Alipofika katikati, ua lilikatika likaanguka sakafuni.

Aliliokota. Alielewa kilichotokea. Maji yote yale aliyoyazamishia, mwaka baada ya mwaka, yalikuwa yakiingia ndani ya ukindu na kubaki humo, yakila waya polepole. Alidhani anayatunza. Kilichokuwa kikiyashikilia maua yale yasimame si waya tena bali kazi ya mikono ya Kaltumi. Ukiivua, hakuna ua.

Alizungusha ukindu ule upya kadiri alivyoweza, kwa mkono wake wa kulia, ukaja upande mwingine, legelege, na wenye aibu.

*

Jumatano kesi ilisikilizwa barazani kwa Saverio. Watu walikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Abdul-Karim alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mtu mnene mwenye sauti ya gwaride.

"Ndugu yangu alijenga hii nyumba tofali kwa tofali," alisema. "Sisi tulikimbia kifo. Tumerudi tunakuta Mkenya amejinyoosha. Hawa wakikuta mlango wazi wanajikaribisha wenyewe."

Mabenchi yakacheka.

"Na ninyi mlipoondoka," Nashon alijibu bila kusimama, "mlifunga na ufunguo?"

Yakacheka tena, kwa nguvu zaidi. Saverio aliinua mkono. Alikuwa Muganda wa makamo, fundi wa baiskeli, na Kiswahili alikipata kwa askari na wachuuzi.

"Wewe na wewe, nyamaza. Mimi si jaji. Mimi nauliza tu. Nyumba iko moja, watu wawili wote nasema yangu, yangu. Sasa, ssebo, bwana Abdul-Karim, uko na shahidi?"

"Mke wa marehemu ndugu yangu."

"Huyo ni wa nyumbani. Kila mtu anakuja hapa na mke wake. Mimi nataka jirani. Ama kitu. Kitu moja tu yenye inaonyesha watu yako walilala humo ndani."

Majirani wa zamani hawakuwepo. Wengine walikufa katika vita vya Luwero, wengine hawajulikani walipo. Abdul-Karim alisema vyombo vyote viliporwa. Saverio akamgeukia Nashon, na Nashon akarudia, kwa sauti tulivu, kwamba hakukuta hata kijiko. Phelister alitazama vidole vya miguu yake. Wekundu wa ukindu ulikuwa bado kwenye kucha za mikono.

"Na wewe, mama?" Saverio aliuliza. "Ulikuwa hapo siku ile ya kwanza?"

"Mimi nilikuja baadaye, mwenyekiti. Nilikuwa Kisumu."

Ilikuwa kweli, kila neno. Na alipokaa alihisi kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Saverio alikuna kidevu. Alisema atangoja mpaka Jumapili. Abdul-Karim akileta jirani au kitu, nyumba ni yao. Asipoleta, Nashon akae, na maneno yaishe, asisikie tena kelele.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Nashon alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya njiani. "Siku nne," alisema. "Jumatatu nitampelekea mwenyewe. Nitamnunulia na mengine juu yake. Sikwambii uvunje ahadi, nakuomba uchelewe."

"Arusi ni Ijumaa."

"Najua arusi ni lini."

*

Alhamisi Nashon aliondoka mapema. Hakuyaficha maua, hakufunga mlango kwa nje. Alisimama kidogo sebuleni amevaa shati lake safi, akatazama meza, akasema, "Wewe ndiye unayejua," akaenda zake. Phelister aliona ingekuwa nafuu angempiga kelele.

Alimalizia kazi. Yaliyobaki aliyafungua moja moja, akasugua kila kikombe kwa mswaki wa zamani, akasuuza kwa maji ya ndimu. Mawili yalikuwa ya kitambaa na hayakutaka maji. Hayo aliyatia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na chumvi ya mawe, akatikisa mpaka chumvi ikatoka kijivu. Chumvi ilikuwa ya shida siku zile, lakini hakuipima. Maua yalitoka kama hayajawahi kuliona vumbi. Meupe yalikuwa meupe. Alishangaa kuona kwamba mojawapo, alilokuwa akidhani ni la kahawia, lilikuwa zambarau.

Kisha akangoja. Aliweka kigoda uani akangoja mama wa kitambaa cha rangi ya machungwa. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka. Kaltumi hakuja.

Na pole pole, kadiri muda ulivyokwenda, Phelister alihisi kifua chake kikifunguka. Hakuja. Nilisema njoo, sikusema nitaleta. Maua yapo, safi, tayari. Asiyekuja ni yeye. Alilirudia jambo hilo kichwani mara nyingi, na kila mara lilikuwa sahihi, na kila mara lilibaki na kitu ndani yake, kama vikombe vile vilivyooshwa uso tu. Maana alijua kwa nini Kaltumi hakuja. Abdul-Karim asingemruhusu kukanyaga Kasubi kesi ikiwa haijaisha. Na alijua yeye mwenyewe alichoahidi. Mkononi mwako, alisema. Kabla ya magharibi.

Kama angempa Jumamosi ile ile, yakiwa na maji yake na uchafu wake, yangepita kimya kimya. Aliyashika kwa ajili ya kina mama wa kanisa. Kwa ajili ya mandazi na sifa.

Aliingia ndani, akayalaza kwenye beseni juu ya leso, akafunika kwa leso nyingine, akajitwika. Ufunguo alimwachia jirani kwa ajili ya watoto.

Kibuli ilikuwa imejaa arusi. Nyumba ya Abdul-Karim ilijulikana kwa masufuria ya pilau yaliyokuwa nje na ngoma ya wanawake iliyokuwa ndani. Phelister alipita katikati ya watu asiowajua, akiuliza, mpaka akafikishwa kwenye chumba kidogo cha nyuma. Kaltumi alikuwa juu ya kigoda, akitundika ukutani mfuniko wa ukindu. Alipogeuka, mikono yake ilibaki juu.

"Nilisema basi, yamekwenda," alisema. "Walinikataza kuja. Walinieleza habari za kesi. Mwanangu, mimi sikujua kuna kesi."

"Mimi pia, siku ile."

Kaltumi alishuka. Alifunua leso, akatazama, akafunika tena haraka, akatupa jicho mlangoni. "Rudi nayo," alinong'ona. "Nimeshayaona. Inatosha. Rudi nayo kabla hajaingia."

Phelister alitikisa kichwa. Kama angefungua mdomo angekubali. Alichukua chombo kilichokuwa kwenye meza ndogo kando ya godoro, mtungi wa shaba wa kuazima, akaanza kupanga. Wanawake wawili waliokuwa wakishona pazia waliacha sindano. Mmoja, mzee kama Kaltumi, alishika kikonyo, akafuata ukindu kwa kidole, akasema kitu kwa Kinubi kwa sauti kubwa ya furaha, na hapo Phelister akajua siri haipo tena.

Abdul-Karim alikuja kuona kuna nini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akitabasamu kwa ajili ya arusi. Macho yake yalimwona Phelister, yakamtambua, na tabasamu halikuondoka, liliganda tu. Kisha yakaona maua.

"Haya yametoka wapi?"

"Nimeyanunua Owino," Kaltumi alisema.

Abdul-Karim alitoa ua moja kwenye mtungi. Aligeuza kikonyo polepole. Nyekundu, nyeusi, kijani, kuelekea kushoto. "Owino," alisema. Alimtazama Phelister tena, na alipozungumza ilikuwa kwa heshima kamili, kama anavyozungumza mtu na mgeni wa nyumba yake. "Asante, mama. Umefanya vizuri."

Akalitia lile ua ndani ya mfuko wa kanzu, kichwa chake chekundu kikichungulia nje, akaondoka.

"Lirudishe," Kaltumi alimwita. "Abdul-Karim. Ni la mtoto hilo." Nyayo zake hazikusimama. Kaltumi akakaa juu ya godoro la arusi, mtu mkavu, mikono katikati ya magoti. "Ungesema yamepotea. Nani angekulaumu?"

"Nilisema Alhamisi, mama."

Sumayiya aliingia muda huo, mikono yake imeinuliwa mbali na gauni kwa sababu ya hina mbichi. Hakuwa msichana tena. Alikuwa na mistari miwili kando ya mdomo na macho ya mtu aliyesafiri sana. Alitazama mtungi. Mama yake alimtazama yeye.

"Ndiyo haya?" Sumayiya aliuliza.

"Ndiyo haya."

Aliyatazama kama mtu anavyotazama picha ya maiti aliyemfahamu. Phelister akakumbuka kwamba maua yale yalinunuliwa kwa ajili ya chumba kingine na mwanamume mwingine, na kwamba hakuna aliyemuuliza bibi arusi kama anayataka.

"Mazuri, mama," Sumayiya alisema mwishowe. Kisha, Kaltumi alipotoka kwenda kulia mahali pasipo na watu, akaongeza kwa sauti ya chini: "Dada, nimesikia wakiongea huko nje. Ungeyaacha huko huko."

"Nilimwahidi mama yako."

"Kwa mikono hii siwezi hata kukusaidia," Sumayiya alisema. Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye kapeti ya kuazima, hina yake ikikauka, akawa anatazama.

Lilibaki waridi moja jeupe ambalo Phelister alilileta likiwa vipande, kwa kuwa kikombe chake kilichelewa kukauka. Huko nje Abdul-Karim alikuwa akimtuma mtu kwa Saverio; jina la Kasubi lilisikika mara mbili, kisha injini ya pikipiki. Sasa hivi Nashon angekuwa anashuka kutoka kazini, anafungua mlango, anaona meza tupu.

Phelister alipachika safu ya chini, petali zilizo pana. Akapachika ya pili, akiizungusha kidogo ili petali ziangukie kwenye nafasi za safu iliyo chini. Ya tatu ilikataa. Aliitoa, akaigeuza, akaipachika tena, bila haraka, mpaka ikakaa. Akabana kikombe. Mwadhini wa Kibuli alikuwa hajaanza adhana ya magharibi. Aliliweka waridi lile mahali palipobaki wazi, upande wa kushoto wa mtungi, akaugeuza mtungi ili meupe yatazame mlango ambao bibi arusi angeingilia, akafuta kwa ncha ya leso tone moja la maji lililokuwa limebaki kwenye jani.